MLINZI WA NDANI: HOFU YA MWILI SI UPUNGUFU WA IMANI

Masomo: Zaburi 139:13-16, 1 Wafalme 19:1-13, Mathayo 4:24



Katika somo la leo nataka tuangalie jambo ambalo wengi wetu tunaishi nalo, lakini tunaona haya kulisema. Ni ile hofu inayobaki mwilini baada ya kukimbia. Umeshavuka mpaka. Umepata pa kulala. Mtoto yuko karibu nawe na hakuna risasi inayosikika. Lakini moyo unadunda, mikono inatoka jasho, usingizi hauji. Upepo ukigonga bati, unajikuta umesimama, umemshika mtoto mkono, tayari kwenda. Kisha unakaa tena chini na kujiuliza, "Je, mimi ninamwamini Mungu kweli?"

Na wengine wameambiwa hivyo waziwazi. Wameambiwa kwamba imani yao ni ndogo, kwamba wana pepo wa hofu, kwamba iko dhambi waliyoificha. Somo hili ni lao, na ni letu sisi tunaowaombea.

Mimi nilisoma chuo cha Biblia, sikusoma udaktari. Yale ya mwili niliyoyaandika hapa ni mambo ambayo wauguzi na vitabu vya shule vinafundisha. Lakini katika Zaburi 139 Daudi anamsifu Mungu kwa jinsi alivyomfuma tumboni mwa mama yake, na mtu hawezi kuisifu vizuri kazi ambayo hajaitazama. Basi tuitazame kidogo.

1. KAZI YA MIKONO YA MUNGU

Ndani ya fuvu la kichwa Mungu ameweka ubongo. Kwa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 au 400 hivi, hata kilo 2 za unga haufiki. Ndani yake kuna seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Kila seli inatuma matawi kwa wenzake, na kwa njia hiyo unakumbuka jina la kijiji chako, unamtambua mtoto wako kwa sauti, unaimba na unaomba.

Kutoka kwenye ubongo inashuka kamba laini, unene wake kama kidole, urefu wake sentimeta 45 hivi. Inapita ndani ya mifupa ya mgongo, nayo mifupa inailinda kama ukuta. Inaitwa ugwe wa mgongo. Kwenye ugwe huo zinatoka jozi 31 za neva, na kwenye ubongo wenyewe zinatoka jozi 12. Neva, au mishipa ya fahamu, ni kama nyuzi zinazofika kila mahali, machoni, moyoni, tumboni mpaka kwenye ukucha wa mguu. Tusizichanganye na mishipa ya damu. Mishipa ya damu hubeba damu. Neva hubeba habari.

Baadhi ya neva hupeleka habari kutoka mwilini kwenda juu: hapa pana moto, hapa panauma. Nyingine huleta amri kutoka juu: ondoa mkono, kimbia, simama. Habari nyingine hukimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja. Nyingine hutembea taratibu, mita 1 hivi kwa sekunde. Wewe mwenyewe umelijua jambo hili bila kufundishwa. Ukijikwaa kwenye haya mawe yetu ya volkano, kwanza unasikia uchungu mkali wa ghafla, halafu nyuma yake unakuja ule mwingine mzito unaokaa. Uchungu ule umekuja kwa njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole.

Tena yako mambo ambayo mwili haungoji ruhusa yako. Mama akigusa sufuria ya moto kwenye mbabula, mkono unaruka kabla hajasikia kuungua. Amri ile imetolewa na ugwe wa mgongo, na habari za kuungua zinafika kwenye ubongo baadaye. Hakuna anayemwambia mama huyo, "Imani yako ni ndogo, kwa nini umeondoa mkono?" Tunajua mkono umefanya kazi yake. Liweke neno hili moyoni, tutalirudia.

2. MLINZI ANAYEPIGA KENGELE

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu ndogo yenye umbo kama la punje ya lozi. Waganga huiita amigdala. Kwa lugha yetu tuseme ni mlinzi wa zamu. Kazi yake ni kusikiliza na kutazama kama kuna hatari. Akiona hatari haiti mkutano, anapiga kengele.

Kengele ikipigwa, neva zinazojiendesha zenyewe zinaamka. Tezi ndogo mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio ili miguu ipate damu. Pumzi inakuwa ya haraka. Mboni za macho zinapanuka. Jasho linatoka. Mate yanakauka na tumbo linaacha kusaga chakula, kwa maana mtu anayekimbia hana nafasi ya kula. Hayo yote hutokea kabla ya sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayofikiri na kupima mambo, kumaliza kuuliza, "Ni nini hiki?"

Wapendwa, wengi wetu tuko hai kwa sababu ya kengele hiyo. Usiku ule uliombeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ukatembea saa nyingi bila kula, nguvu ile ulitoa wapi? Mungu alikuwa ameiweka ndani yako tangu tumboni mwa mama yako.

Na Mungu hakuumba kengele bila kuumba cha kuinyamazisha. Ziko neva nyingine za kutuliza. Kubwa yao inaitwa vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Neva hiyo ikifanya kazi, moyo unapungua mwendo, tumbo linasaga chakula, mwili unapumzika na kujijenga upya. Kwa mtu mwenye afya pande hizi mbili hupokezana kama mchana na usiku.

3. KENGELE ISIYONYAMAZA

Shida yetu iko hapa. Mlinzi aliyevamiwa na wezi mara moja hatasahau. Kesho yake mbuzi akipita atapiga kengele. Paka akiruka juu ya bati atapiga kengele. Hajawa mwasi. Amejifunza somo moja na amelishika sana. Ndivyo inavyofanyika kwenye ubongo. Hatari kubwa, hata ikija mara moja tu, yatosha kumfundisha mlinzi. Na sisi haikuja mara moja.

Fikirini historia ya udongo huu tunaokaa. Mudende iko jirani yetu. Pale palikuwa na kambi ya Wakongomani, nayo mwaka 1997 ilishambuliwa mara mbili, mwezi wa nane na mwezi wa kumi na mbili, watu wengi wakauawa. Baada ya hapo waliosalia walipelekwa Gihembe, upande wa Byumba. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na ule mwaka 2021 ardhi ya Goma na Rubavu ilitetemeka siku nyingi, nyumba zikapasuka, watu wakalala nje. Mwezi wa sita 2014 milio ya risasi ilisikika kwenye mpaka hapa hapa Busasamana. Januari 2025, vita ilipofika Goma, mabomu yalianguka mpaka upande huu wa Rubavu na watu wakafa. Mtu aliyepita katika hayo, au katika nusu yake tu, na mlinzi wake akawa anashtuka kwa ngurumo ya mvua, tushangae nini?

Ndugu zetu Wanyarwanda wana neno ihahamuka. Neno hilo lilienea sana baada ya 1994, likisema juu ya kiwewe kinachomshika mtu ghafla hata pumzi inakata. Kila mwaka katika siku za maombolezo ya mwezi wa nne, watu huanguka, hulia na hupiga kelele kama wanayaona mambo yale tena. Pale huwekwa watu waliofundishwa, wanawachukua pembeni, wanakaa nao mpaka watulie. Nchi nzima imejifunza kwamba jambo hili lipo na lina jina. Kanisa lisiwe la mwisho kujifunza.

Kiwewe hakina sura moja. Kwa mmoja ni ndoto mbaya na kuruka usingizini. Kwa mwingine ni hasira ya haraka, baba anapiga watoto kwa jambo dogo, naye mwenyewe hajui kwa nini. Mwingine anakuwa kama jiwe, halii wala hacheki. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mzee anaumwa kichwa na tumbo kila siku, vipimo havionyeshi kitu. Kijana anatafuta usingizi ndani ya kanyanga, na kanyanga inamlaza saa mbili halafu inamwamsha na hofu kubwa kuliko ya kwanza.

4. ELIYA CHINI YA MRETEMU

Sasa tufungue 1 Wafalme 19. Soma sura yote nyumbani.

Angalia kwanza ni nani anayezungumziwa. Eliya ametoka Karmeli. Katika sura ya 18 amesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto umeshuka. Hakuna mtu kati yetu atakayesema Eliya hakuwa na imani. Lakini Yezebeli alipomtumia ujumbe wa kumwua, Eliya alikimbia. Alikwenda jangwani, akakaa chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu afe. Alisema imetosha. Mtu wa Mungu, mtu wa maombi, mtu wa moto, na mwili wake umechoka kabisa.

Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea, wala hakumtoa pepo, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamlisha tena, kwa sababu alijua safari iliyo mbele ni ndefu. Ni baada ya usingizi mara mbili na chakula mara mbili ndipo alipoweza kutembea siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko Mungu alikozungumza naye.

Wanaojua mambo ya mwili wanatuambia kwamba ubongo, ingawa ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, unatumia kama sehemu 20 katika 100 za nguvu zake. Mwenye njaa na asiyelala ubongo wake hauwezi kumtuliza mlinzi. Mungu alijua hilo. Aliyeufuma mwili alianza na mwili.

Tena angalia kule mlimani. Ulipita upepo mkali, likaja tetemeko la ardhi, ukaja moto. Sisi watu wa Nyiragongo tunavijua hivyo vyote. Maandiko yanasema Bwana hakuwamo katika hivyo. Alikuja katika sauti ya utulivu. Mtu wa kiwewe amesikia makelele ya kutosha. Usimwongezee.

Na kama Eliya hakutoshi, mwangalie Bwana wetu Gethsemane. Luka 22:44 inatueleza juu ya jasho lake usiku ule, na Marko 14:33 inatueleza jinsi alivyofadhaika. Alikuwa na mwili kama wetu, wenye neva kama zetu. Mwili wake ulitetemeka mbele ya kifo, naye hakuwa na dhambi. Basi kutetemeka si dhambi.

5. JE, HAKUNA PEPO?

Najua swali hili litaulizwa, na nitalijibu. Mimi ninaamini Injili yote, na Injili inasema pepo wapo na Yesu anawatoa. Lakini soma Mathayo 4:24 polepole. Waliletwa kwa Yesu wagonjwa wa namna nyingi, na mwandishi anawataja mmoja mmoja: wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza. Hakuwaweka katika kapu moja. Yesu aliwaponya wote, lakini hawakuwa na shida moja. Sisi ni nani hata tuwaweke wote katika kapu moja?

Mvua ya mawe ilipotupiga siku ya ibada, mama mmoja alipiga kelele na kuanguka. Vijana walimrukia, wanne, wakamshika mikono na miguu, wakakemea kwa sauti kubwa. Nia yao ilikuwa njema. Lakini fikiria, mlinzi wa ndani ya mama huyo alikuwa anamwambia, "Wamekuja tena." Akafumbua macho, akawaona wanaume wanne wamemshika. Kengele ilinyamaza au iliongezeka? Mzee mmoja mwanamke ndiye aliyewaondoa. Alikaa chini kando yake, akamwita kwa jina, akamwambia, "Uko Busasamana, uko kanisani, mimi ni mama fulani, hii ni mvua." Baada ya dakika chache mama yule aliomba maji. Hayo nayo yalikuwa maombi.

Na juu ya kifafa niseme wazi. Kifafa ni umeme wa seli za ubongo unaotoka kwa fujo. Chaweza kuletwa na malaria iliyopanda kichwani, kuumia wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini kwa mikono na chakula kichafu. Hakiambukizwi kwa povu la mgonjwa. Anapoanguka, ondoa vitu vya kumwumiza, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mlaze kwa ubavu degedege linapotulia. Likizidi dakika 5, mpelekeni kituo cha afya mbio. Na mtu yeyote asimwambie mgonjwa aache vidonge ili kuonyesha imani. Kuvikata ghafla kunaweza kumwua. Hezekia alimwomba Mungu, naye Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Maombi na dawa vilikaa katika nyumba moja.

6. BASI TUFANYE NINI?

(a) Anayeshikwa na kiwewe asizungukwe na watu wengi. Akae naye mtu mmoja au wawili anaowajua, wa kike kwa mwanamke. Mwite kwa jina. Mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Mwombe aguse ardhi kwa miguu, ataje vitu anavyoviona.

(b) Pumzi. Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Rudia kwa dakika chache. Pumzi ndefu ya kutoa huiamsha ile neva ya kutuliza, na moyo unapunguza mwendo. Ndiyo sababu moja ya sisi kutulia tunapoimba pamoja nyimbo za taratibu. Wimbo unatufanya tutoe pumzi ndefu bila kujua.

(c) Usimlazimishe mtu asimulie aliyoyaona. Akitaka kusema, sikiliza. Akinyamaza, kaa naye. Ushuhuda wa kanisani usiwe kodi ya kulipa.

(d) Mtoto anayekojoa kitandani asipigwe wala asichekwe. Mlinzi wake ni mdogo na ameogopa. Mpe saa ile ile ya kula, saa ile ile ya kulala, na hadithi ya Biblia kabla ya usingizi. Mambo yanayorudiwa kila siku humfundisha mlinzi kwamba hapa pana usalama. Ubongo uliojifunza hofu unaweza pia kujifunza amani, ila unajifunza polepole.

(e) Maombi ya kufunga ni mema, lakini asiyelala na aliyedhoofika asifunge chakula. Tumpikie, kama malaika alivyofanya. Wamama wa maombi wanaweza kugawana siku.

(f) Ikiwa mtu hajalala majuma mengi, ikiwa anasema heri afe, ikiwa anasikia sauti zisizokuwapo, asingoje ibada ya Jumapili. Mpeleke kituo cha afya, uliza muuguzi wa afya ya akili. Ikihitajika, wao ndio wanaomwandikia taransferi, hata mpaka hospitali ya Ndera kule Kigali. Mzee wa kanisa amsindikize. Kwenda huko si aibu, kama vile kwenda kufungwa mguu uliovunjika si aibu.

Wapendwa, Paulo anatufundisha katika 1 Wakorintho 12 kwamba kiungo kimoja kikiumia, vyote vinaumia nacho. Sasa mnajua jinsi inavyofanyika katika mwili huu wa nyama: neva ndizo zinazopeleka habari. Ukoma unapoziua neva, mguu unaungua na mwenyewe hana habari, anaendelea kutembea juu ya kidonda. Kanisa lisilosikia maumivu ya mtu wake limeshikwa na ukoma wa namna hiyo. Sisi tusiwe hivyo. Jirani asiyelala usiku, habari zake na zitufikie, na mikono iende.

Kwako wewe ambaye moyo wako unadunda hata sasa unaposoma: Mungu hakukasirikii. Anaujua mlinzi aliyemweka ndani yako, anajua aliyoyaona, naye hana haraka kama sisi. Kula. Lala. Malaika atarudi mara ya pili.

TUOMBE: Baba, wewe uliyetufuma, unazijua nyuzi zote zilizo ndani yetu na jinsi zilivyovutwa katika safari hii. Tuliza mioyo ya watu wako usiku huu. Utupe mikono ya upole kwa walioshtuka, na akili ya kujua wakati wa kuomba, wakati wa kupika na wakati wa kumpeleka mtu kwa mganga. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Mungu alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kuzungumza naye? Je, sisi huanza na lipi?
2. Mtu akianguka katika ibada, nani atakaa naye? Chagueni watu wawili katika kila kikundi, mpeleke majina yao kwa wazee wa kanisa.
3. Ni nani jirani yako ambaye halali? Juma hili utampelekea nini?

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu